Nilikwenda na Kigae Mfukoni

Kikombe kilivunjika asubuhi, na kilivunjika kijinga. Sikukiangusha. Nilikuwa nimekiosha, nikakiegemeza ukingoni mwa beseni, nikageuka kuchukua kitambaa, na nyuma ya mgongo wangu nikasikia mlio mfupi kama wa mtu aliyegonganisha meno. Kilikuwa kimeteleza chenyewe. Vipande vitatu vikubwa, na unga. Narudia kwamba sikukiangusha. Nimelisema hili mara nyingi kuliko nilivyoulizwa.

Kilikuwa cha mama. Ni kimoja kati ya vikombe 6 vya udongo, vyeupe, vyenye majani ya buluu yaliyochorwa kwa mkono kuzunguka tumbo la kikombe. Alivinunua miaka mingi iliyopita, na katika nyumba nzima ndivyo vyombo pekee ambavyo hamwachii mtu kuviosha. Siku hiyo hakuwepo. Alikuwa amekwenda kwa dada yangu aliyejifungua, na angerudi baada ya wiki 7. Nikapiga hesabu za mkosaji: wiki 7 zinatosha kabisa kupata kikombe kingine kinachofanana na kile, kukirudisha kabatini na kunyamaza.

Chini ya kila kikombe kuna alama, samaki mdogo aliyekwaruzwa kwa ncha na nukta mbili pembeni yake. Kwa alama hiyo, na kwa kuulizia huku na kule, nikampata aliyevitengeneza. Habari za kumtafuta ni ndefu na hazina utamu. Nilichukua kipande kikubwa kuliko vyote, kile chenye ukingo wa juu, jani zima na nusu ya kitako, nikakifunga kwenye leso, nikakitia mfukoni, nikaenda.

Sijui nilitarajia nini. Pengine rafu zenye taa, vyombo vimejipanga kama maharusi. Karakana ya mfinyanzi, ukiingia, kwanza ni ndoo. Ndoo ya mabaki ya udongo yaliyolowekwa. Ndoo ya uji wa udongo. Ndoo ya maji machafu, na nyingine ya maji machafu yaliyokwisha kutulia. Ndoo zenye mifuniko iliyoandikwa herufi anazozielewa mwenyewe tu. Sakafu ilikuwa imelowa, nikadhani kuna bomba linalovuja, kumbe ndivyo anavyosafisha: hafagii kamwe, anapiga deki. Vumbi la udongo mkavu lina silika, chembe ndogo kiasi cha kuingia mapafuni na kubaki humo, na ugonjwa wake umeua wafinyanzi na wachimba migodi tangu zamani. Ananiambia mle ndani anaogopa ufagio kuliko tanuri.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa pale pakavu. Nina vishikio kumi hapa, vikinikaukia nimekwisha."

Nikakaa. Nilikaa kama dakika 40, kigae kikinichoma paja.

Tuna methali tuliyoipenda mno: udongo uwahi ungali maji. Tumeigeuza ya kulea watoto, tunaisema kwenye vikao vya wazazi, na sidhani kama wengi wetu tumewahi kukaa karibu na mtu anayefanya hivyo vyombo vya udongo. Nikimtazama yule mama mfinyanzi akibandika vishikio, niliona kwamba aliyeitunga alitupa nusu ya habari. Ukiwa maji, udongo unafinyangika, sawa. Lakini kishikio huwezi kukibandika, kinalegea na kulala. Ukiukausha kabisa, nao haukubali: kishikio kitashika leo, kesho kimeachia ufa pale kilipoungana na mwili. Kazi hii hufanyika katikati, udongo ukiwa umekaza kama ngozi ya kiatu kipya, unapokatika bila kubonyea. Hali hiyo haipigi hodi. Hewa ikiwa kavu inapita kwa saa chache, hewa ikiwa na unyevu inakaa siku mbili. Ndiyo maana karakana nzima imefunikwa nailoni, chombo hiki chote, kile nusu, kingine kimeachwa mdomo wazi ili ukingo ukimbie kidogo kuliko kitako. Nusu ya kazi yake, kwa hesabu yangu, ni kufunika na kufunua.

Alikuwa anakwaruza pande mbili zitakazokutana, kwa uma, anapaka uji wa udongo, anabonyeza mpaka pumzi ndogo ya hewa itoke kwa mlio kama busu la mtoto. Kisha anapitisha kidole palipoungana, mara moja tu. Vishikio kumi. Hakusema neno.

Alipomaliza aliosha mikono, akavuta kigoda, akaniuliza kama nimekuja kununua au kujifunza. Nikatoa leso.

Hakuangalia mchoro. Hilo ndilo lililonishangaza kwanza, maana mimi nilikuwa nimebeba mchoro. Alikigeuza kigae akatazama mahali kilipovunjikia, ule ubavu mwekundu kama tofali, halafu akaugusisha ulimi.

"Kinanata," akasema. "Jaribu."

Nilijaribu. Ulimi ulishikwa, kama unapogusa kitu kilichoganda kwa baridi. Sababu yake ni rahisi ukishaelezwa: udongo uliochomwa kwa moto wa nyuzi 1,000 hadi 1,100 hivi hubaki na vitundu visivyoonekana kwa macho, na vitundu hivyo hufyonza maji yoyote yanayovigusa, hata ya ulimi. Udongo wa aina nyingine, ule unaovumilia nyuzi 1,200 na zaidi, hujifunga kama jiwe na ulimi hauhisi kitu. Kinachozuia vikombe kama vya mama kuvuja ni tabaka jembamba la kioo lililoyeyukia juu yake, ambalo mafundi wanaliita glezi.

"Lakini hiki kinanata kupita kiasi," akaendelea. "Wakati ule tanuri langu lilikuwa na koili moja iliyochoka. Rafu ya chini haikuwa inaiva vizuri. Hiki kilikaa chini." Alisema hivyo kama mtu anayetaja darasa alilokaa.

Ndipo akakigeuza upande wa mchoro. Akanyamaza. Akapitisha kidole gumba juu ya jani, akarudia kwa upande wa pili.

"Vilikuwa sita?"

"Sita, fundi. Vya mama yangu."

"Mama yako simkumbuki, nisamehe. Huyu namkumbuka." Akagonga jani kwa ukucha.

Alichonionyesha baada ya hapo nilikuwa nimekitazama tangu utotoni bila kukiona. Mstari wa brashi una kichwa na mkia. Pale brashi inapotua, rangi hujaa na mstari unakuwa mnene. Pale inaponyanyuka, unakonda mpaka unakuwa unywele. Mtu anayetumia mkono wa kulia huwa na upande wake wa kuanzia na namna yake ya kuinamisha, na majani yake yote hulala kuelekea upande mmoja. Alileta bakuli kutoka rafuni, akaliweka kando ya kigae changu. Majani ya bakuli yalilala huku, ya kigae yalilala kule, na yale ya kigae yalikuwa na kitu kingine: kila mstari, kabla ya kukonda, ulikuwa na kauvimbe kadogo, kama mtu aliyesita mlangoni.

"Nilivunjika kifundo cha mkono," akasema. "Niliteleza na ndoo. Miezi mitatu mkono wa kulia ulikuwa umefungwa. Vyombo vilikuwa vimeshafinyangwa, vimeshachomwa mara ya kwanza, vimepangwa vinangoja rangi tu. Ningefanyaje? Nikachora kwa kushoto."

Nikamwambia nilichotaka. Kimoja tu, kama hiki.

"Siwezi. Mkono huo sina tena."

Nilipendekeza, na najuta kidogo kuliandika hili, kwamba achore kwa kushoto. Alicheka, si kwa ubaya. Akasema akichora kwa kushoto leo atakuwa anamuigiza mtu mwenye shida, na yeye wakati ule hakuwa anaigiza, alikuwa hana mwingine. Kisha akaniuliza mama anarudi lini. Nikataja wiki. Akahesabu kwa vidole, akafika cha sita, akasema kingine atanitengenezea, ila kitakuwa kingine.

Kufinyanga kwenyewe nitakupitisha haraka, kwa sababu ndiko kila mtu anakokupiga picha. Bonge la udongo likipigwa katikati ya gurudumu na kutulia, kikombe kinainuka kwa dakika mbili au tatu. Kilichonivutia mimi ni kilichotangulia. Alichukua karatasi yenye duara nyingi, moja ndani ya nyingine, akasimamisha ukingo wa kigae changu juu yake, akakisogeza mpaka upinde wa ukingo ukalala sawasawa juu ya mstari mmoja. Kwa kipande cha ukingo kisichozidi vidole viwili akawa amejua upana wa mdomo wa kikombe kizima: sentimita 8. Wachimbuaji wa mambo ya kale hufanya hivyo hivyo na vigae vyao.

Lakini ukitaka sentimita 8 hufinyangi sentimita 8. Udongo hunywea ukikauka, kisha hunywea tena motoni. Ule wa zamani, alioutumia kwa vikombe vya mama, ulikuwa unapungua sehemu 6 katika 100. Ulikwisha, na huu alionao sasa unapungua 9. Kwa hiyo alifinyanga mdomo wa sentimita 8.8. Hapo ni kama fundi cherehani anayekata nguo ya mtu atakayekonda, anajua atakonda kiasi gani, ila hajui atakonda wapi zaidi.

Niliporudi mara ya pili, vyombo vilikuwa vimetoka kwenye uchomaji wa kwanza, vyekundu, vikavu, vinalia ukivigonga. Udongo ukishavuka nyuzi 600 hivi hauwezi tena kurudi kuwa tope. Maji yaliyokuwa yamefungamana nao yameondoka. Kabla ya hapo, chombo kilichoharibika hutupwa kwenye ndoo na kuanza upya. (Na kikiwa kikavu kabisa ndiyo bora, alisema, maana udongo mkavu hufumuka ndani ya maji kwa dakika chache, ilhali ulio nusu mbichi hukaa humo siku nzima umenuna.) Baada ya hapo hakuna ndoo.

Alikuwa anavichovya kwenye glezi nyeupe. Weupe huo hutokana na oksidi ya bati: chembe zake haziyeyuki ndani ya kioo, hubaki zimeelea na kuuficha wekundu wa udongo. Chombo kinaingia, hesabu tatu, kinatoka kinang'aa kama maziwa. Unapohesabu tena tatu, udongo umekwisha kuyanywa maji yote na juu yake pamebaki unga mkavu kama chaki. Ukiugusa, unabaki kidoleni. Juu ya unga huo ndipo anapochora.

Rangi ilikuwa nyeusi. Nilitazama kibakuli chake mara mbili, nikadhani amekosea. Ni oksidi ya kobalti, na kobalti ikiwa poda ni nyeusi kama masizi. Buluu huja motoni, inapoyeyukia ndani ya glezi. Shaba ni hivyo hivyo: unapaka kitu, unatoa kingine, tena ile inategemea pia kama tanuri lilikuwa na hewa ya kutosha au lilibanwa, ikitoa kijani kwa hali moja na nyekundu kwa nyingine. Kwa hiyo mtu huyu anayesifiwa kwa rangi zake hajawahi kuziona wakati anazipaka. Anachora kwa masizi juu ya chaki, na unene wa maji kwenye brashi ndio utakaoamua kama jani litakuwa la buluu ya bahari au buluu iliyokaribia weusi. Kobalti ina nguvu mno. Gramu moja katika gramu 100 za glezi inatosha kuigeuza yote buluu iliyokolea.

Jina lenyewe lina kisa. Wachimba migodi wa Ujerumani waliokuwa wakitafuta fedha walikuwa wakipata mawe yaliyofanana na yenye fedha, wakayachoma, wakaambulia moshi wa sumu na hasara. Wakasema ni kazi ya jini wa migodini, Kobold. Mkemia wa Sweden, Georg Brandt, akaja kuonyesha katika miaka ya 1730 kwamba ndani yake mna metali isiyojulikana, na jini akabaki na jina lake. Wafinyanzi walikuwa wameitumia kwa karne nyingi kabla ya hapo bila kuhitaji kuijua.

Na hapa niseme jambo lililonikaa moyoni kuhusu hii buluu juu ya nyeupe, ambayo ukimuonyesha mtu yeyote atakuambia ni ya Kichina. Katika karne ya 9, wafinyanzi wa Iraki, Basra hasa, walivutiwa na vyombo vyeupe vilivyoletwa kwa meli kutoka China. Hawakuwa na ule udongo mweupe wa kauri, basi wakaigiza weupe kwa glezi ya bati juu ya udongo wao wa kawaida, na juu ya weupe huo wakachora kwa kobalti. Karne tano baadaye kobalti ya Uajemi ilikuwa inasafirishwa hadi Jingdezhen, mji wa wafinyanzi wa China, na Wachina wakaichora juu ya kauri yao nyeupe ya kweli, ikawa fahari ya dunia. Karne ya 17, dola ya Ming ilipoanguka mwaka 1644 na mzigo kutoka China ukaadimika, Waholanzi wa Delft wakaigiza Wachina kwa kutumia nini? Glezi ya bati, iliyokuwa imewafikia kupitia Hispania na Italia, ikitokea kule kule kwa wale wa Iraki. Kila aliyeigiza alikosea kidogo, na kila kosa likawa mtindo. Nilipomsimulia fundi haya alisema anayajua, akaniomba nisogee nisimzibie mwanga.

Nilimtazama akichora kikombe changu. Aliweka kigae karibu, akakitazama kwa muda mrefu kuliko aliotumia kuchora, kisha hakukitazama tena. Kikombe kilikuwa juu ya kisahani kinachozunguka. Mkono wa kushoto ulizungusha, wa kulia ukashuka na brashi ya nywele za mbuzi, ndefu, laini, iliyonywa rangi mpaka shingoni. Mshipa wa kati wa jani, kisha majani madogo, kulia, kushoto, kulia, kushoto. Sikuona mahali alipoamua. Niliambiwa mikono ya hivyo ni ya haraka kwa sababu ya mazoezi, na ni kweli, ila kuna sababu nyingine: ule unga ni mkavu na una kiu. Brashi ikisimama, unga unaivuta rangi yote iliyomo na kuacha doa. Wala hufuti. Ukifuta unaondoa unga, na mahali hapo pataiva udongo mtupu.

"Chora," akanisukumia kibakuli kilichokuwa na kasoro mdomoni.

Nilikuwa nimejiandaa moyoni. Niliwaza jani, nikaliona, nikashusha brashi, na katikati ya safari nikajiuliza kama niko sawa. Hapo hapo brashi ikakamatwa. Nakuambia ilikamatwa, kama gari kwenye mchanga. Nilipoinyanyua palikuwa na doa jeusi la ukubwa wa harage, na kutoka kwenye doa hilo mkia mfupi wa aibu. La pili likawa hivyo. La tano likaanza kuwa jani, la sita likarudi kuwa harage. Ndipo nikaelewa kile kauvimbe kwenye vikombe vya mama. Miezi mitatu mtu yule alikuwa anauzoeza mkono wa kushoto kutosita, na katika kila jani unauona ukisita kwa sehemu ya sekunde, kisha ukiendelea.

Mwaka 1756, mjini Liverpool, wachapaji wawili, John Sadler na Guy Green, waliapa mbele ya mashahidi kwamba ndani ya saa 6 walikuwa wamepiga michoro juu ya vigae vya ukutani zaidi ya 1,200, kwa kuhamisha picha kutoka kwenye karatasi. Tangu hapo mchoro kwenye chombo ukawa kitu cha kubandika. Sina ugomvi na hilo. Sahani zangu nyingi ni za kubandika na hunihudumia vizuri. Ninachokerwa nacho ni maneno "imechorwa kwa mkono" kupakwa kwenye kila kitu. Siku hizi nikishika chombo natafuta maua mawili yanayofanana na kuyalinganisha. Yakiwa na kosa lile lile mahali pale pale, mkono haukuhusika. Natafuta kichwa na mkia wa mstari. Natafuta pia mahali mchoro ulipokutana na mwanzo wake baada ya kuzunguka chombo, kwa sababu mkono hauwezi kugawa duara sawasawa, na jani la mwisho huwa limebanwa au limetanuliwa ili lipate nafasi. Kwenye vikombe vya mama jani hilo liko chini ya kishikio. Amelificha huko.

Alifuta kitako cha kila chombo kwa sifongo, kwani glezi ikibaki chini itayeyuka na kukigandisha chombo na rafu ya tanuri, akavipanga visigusane. Mbele ya kitundu cha kuchungulia aliweka vidude vitatu vyembamba kama vidole vya mtoto. Ni koni, ambazo Mjerumani Hermann Seger alizibuni mwaka 1886: kila moja imechanganywa iiname ikishapata moto wake. Tanuri lake ni la umeme na lina kipimajoto chenye tarakimu nyekundu, lakini anaziamini koni zaidi. Kipimajoto, anasema, kinapima hewa, koni inakaa humo na kupikwa pamoja na wenzake.

Kulipandisha tanuri hadi nyuzi 1,050 kulichukua mchana mzima. Kulipoza kulichukua muda zaidi. Hapa ndipo wengi wanapoponzwa, kwa sababu udongo una chembe za kwazi, aina ya silika, na kwazi kwenye nyuzi 573 hubadilika ukubwa ghafla, ikipanda na ikishuka. Ukiruhusu hewa baridi kuingia wakati tanuri linapita hapo, chombo hupasuka toka mdomoni hadi kitakoni, na wakati mwingine hakipasuki siku hiyo, kinangoja kiwekwe ukingoni mwa beseni. Nilimuuliza kama labda ndicho kilichokiua kile cha mama. Akasema inawezekana. Akasema pia inawezekana nilikiweka vibaya.

Kuna Mfaransa wa karne ya 16, Bernard Palissy, aliyekuwa akitafuta siri ya glezi nyeupe kwa miaka mingi; ameandika mwenyewe kwamba kuni zilipomwishia, glezi haijayeyuka, alichoma meza na mbao za sakafu ya nyumba yake. Fundi alikijua kisa hicho. Kilichomgusa yeye ni mke wa Palissy.

Siku ya kufungua nilifika mapema kuliko nilivyoalikwa. Tulingoja tarakimu zishuke chini ya 100. Alipoinua mfuniko, kwanza ilikuja pumzi ya joto isiyo na harufu, kisha sauti: ti, ti-ti, ti. Vyombo vilikuwa vinalia. Glezi na udongo havinywei kwa kiasi kimoja, na glezi ikivutwa sana huchanika nyufa nyembamba kama nywele. Yeye alikunja uso kwa kila mlio. Mimi, mjinga, nilikuwa nimefurahi.

Vyombo vilikuwa 43. Vitano havikupona: viwili vilishikana, kimoja kilipasuka, viwili glezi ilikuwa imejikunja na kuacha udongo wazi. Hakuvitupa vyote. Kimoja, bakuli lenye kidonda ubavuni, alilipangusa na kuliweka upande wa vyombo vyake mwenyewe, na nilipotazama upande huo sikuona chombo kizima hata kimoja. Mfinyanzi hulia gaeni, tunasema, na tunasema kama kejeli. Vile vyake alikuwa amevipanga kwa namna anayoweza kukitaja kila kimoja kilikosewa lini na kwa nini.

Kibakuli changu kilitoka na maharage yake 6 ya buluu iliyokoza, yanang'aa kwa majivuno. Ninacho.

Kikombe kilikuwa kizuri. Nisiseme zaidi. Majani yake yalipanda bila kusita, kila mstari ukianza mnene na kuisha kama unywele, yakilala upande ule mwingine. Nilikipima mdomo kwa rula: sentimita 7.9. Aliniambia milimita moja hiyo asiulizwe yeye. Chini alikuwa ameweka samaki, na nukta tatu badala ya mbili. Kigae aliomba abaki nacho, nikamwachia.

Kabatini, vikombe vitano vya mama hukaa kimoja ndani ya kingine, viwili na vitatu. Kile cha sita kilizama ndani ya mwenzake zaidi kidogo, kikakaa kimeinama. Nikakitenganisha, nikakigeuza ili majani yatazame ukuta. Mama alirudi Jumapili usiku, amechoka, na picha za mjukuu 200 kwenye simu. Asubuhi nilimsikia kabatini. Vyombo viligongana, vikanyamaza. Nilipoingia alikuwa amesimama dirishani, amekishika kile kikombe kwenye mwanga, anakizungusha polepole.

"Mama, kile kimoja kili..."

"Kumbe mkono wake ulipona," akasema, akaenda kukijaza maji.